Kuku Wako Sasa Wanataga kwenye Sanduku

Nyumbani, Mogogosiek,
Jumapili, 16 Juni 2024.

Mpendwa Mama,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini magoti hayakusumbui sana na kwamba umepata jua kidogo baada ya ile baridi uliyotusimulia. Mapacha wa wifi yangu Mongina wanaendeleaje? Nasikia wameanza kusimama. Sisi huku hatujambo, ila uchovu. Mvua haijakata, majani ya chai yanakua kuliko mikono iliyopo, na nikirudi kutoka kituo cha kupimia chai, ng'ombe naye ananilalamikia kama mtu.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu ya Mongina huwa mnaiweka kwa sauti ya juu sebuleni, na huku Baba huwa ameketi kando yangu. Kuna maneno hayapiti hapo. Nyagaka, yule jirani wa Mongina aliyekuja huku kwa mazishi, anarudi huko ng'ambo wiki ijayo na amekubali kunibebea bahasha.

Nianze na kuku, maana wewe huwauliza hao kabla hujatuuliza sisi.

Ulipoondoka walianza ukaidi. Sanduku la kutagia alilotutengenezea Aron, mume wa Tecla, lilikaa bure. Kuku walilipita kama hawalioni, wakaingia kwa dirisha la chumba chenu cha kulala, lile lisilofunga, wakataga chini ya kitanda ndani ya katoni ya sweta zako. Nilimwomba Baba aitoe hiyo katoni nje. Alisema ikae.

Sasa mimi ni mkwe. Sebuleni kwa Baba naingia, nafagia, naweka chakula, natoka. Chumba cha kulala ni mwiko kwangu, na ni wewe uliyenionyesha mlango huo wiki niliyoolewa. Gordon angeingia kwa babu yake bila neno, lakini yuko bweni, na Jerusa bado anatambaa. Mwanao Sagini na lori lake la chai yuko barabara ya Mombasa, nyumbani hapaoni. Basi kila asubuhi nilisikia kuku wakitangaza mayai yao, Baba akisema kuinama kunamchosha, na mimi sina njia ya kuyafikia.

Tecla ndiye aliyeniokoa. Yeye si mkwe wa mtu hapa, ni jirani tu. Akimaliza kukamua alipita na bakuli, akabisha, akaingia. Siku ya kwanza alicheka hadi nikamsikia nikiwa jikoni. "Mama Gordon, hizi kuku zimeona nafasi ya mama iko wazi, zimeingia!" Lakini Tecla si mtu wa kuokota mayai na kuondoka. Alikuwa akikaa. Anamfungulia Baba pazia, anammiminia chai, wanaisengenya mvua. Nilimsikia Baba akicheka, na mimi na gunia langu mgongoni nilishukuru kwamba hilo moja silibebi.

Hata hivyo niliona haya kumsumbua mke wa mtu kila siku kwa ajili ya mayai. Nikaamua kuwafundisha kuku adabu. Aron alipiga wavu kwenye dirisha kwa nje. Sanduku nililitoa mlangoni mwa banda nikalipeleka kwenye pembe yenye giza, kwa sababu kuku hapendi kutazamwa akitaga. Nikatandika nyasi kavu, nikaning'iniza gunia mbele kama pazia, na ndani nikaacha yai viza nililolipaka mkaa nisije nikalipika. Asubuhi sikuwafungulia mpaka wamalize shughuli zao. Walinipigia kelele, mmoja akataga kwenye karai la chakula, nadhani kwa makusudi, lakini mwishowe walishika. Yule mwekundu mwenye kichwa kigumu ndiye aliyetangulia kuingia.

Nilifurahi, Mama. Kilikuwa kitu kimoja mwaka huu kilichonitii.

Tecla hakuwa na sababu ya kupita tena, na hakupita. Mimi hata sikuliona hilo. Niliweka chakula mezani, nikamwita Baba kupitia mlango, akaitika, nikaenda kuchuma.

Jumanne iliyopita niliweka uji, nikaita, akaitika. Niliporudi mchana uji ulikuwa palepale, umeganda. Nikaita tena. Alijibu kwa sauti ndogo kwamba yuko sawa, niendelee na kazi. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema yuko chini. Nilikimbia kwa Tecla, kumbe yeye na Aron walikuwa wameenda soko la ng'ombe Chebunyo. Nikarudi, nikasimama mbele ya mlango wenu wa chumbani. Nilimwambia, "Baba, nakuja." Akasema, "Usije." Nikaingia.

Alikuwa ameanguka kando ya kitanda, akiinama kutazama kama kuku wamerudi kwenye katoni. Aliponiona alijifunika uso kwa ncha ya blanketi. Nilimwinua huku nikiangalia ukuta, nikamsafisha, nikamlaza. Nilipomaliza alisema, bado amejifunika, "Mimi sikukuona. Na wewe hukuniona." Nikasema ndiyo, Baba.

Hakuvunjika mfupa, tulimpeleka zahanati akapimwa. Tangu siku hiyo ananisemesha vizuri tu, ananiuliza habari za Jerusa, kana kwamba hakuna lililotokea. Tecla nilimweleza kwamba alianguka, si zaidi, na ameanza tena kupita asubuhi, safari hii bila bakuli. Lakini Tecla naye ana boma lake na ng'ombe wake.

Nimechoka, Mama. Sisemi kwa hasira. Ulikwenda kwa miezi mitatu, Mongina akaomba mingine, na sasa mwaka unakaribia na hakuna anayetaja tiketi. Najua anakuhitaji, mapacha si mchezo. Lakini kuna kazi hapa ambayo hata nikiongezewa mikono siruhusiwi kuifanya, na mwenye kuifanya ni wewe.

Msalimie Mongina na mume wake, na uwabebe mapacha kwa niaba yangu. Tecla na Aron wanakusalimu. Gordon aliniambia niandike kwamba sasa ni mrefu kuliko mimi, jambo ambalo bado tunabishania. Salamu za Baba sina, kwa sababu hajui naandika.

Nilimwahidi kwamba sikumwona, na mbele ya watu nitasema hivyo hivyo. Lakini nilimwinua peke yangu, Mama, na hakuwa na uzito. Kwenye simu huwa ameketi na lile koti lake kubwa, nanyi mnaona uso tu. Mkipiga tena, mwambie avue koti, asimame, atembee mpaka mlangoni. Ukishaona, uniambie unarudi lini.

Mungu akutunze huko uliko na akulete nyumbani ukiwa na nguvu zako.

Ni mimi mkwe wako akupendaye,
Bonareri