Mwingereza wa Mwisho Wexcombe

Jumatatu, 10 Juni

Nimefika Wexcombe jana, mji wa pwani ya kusini. Chumba kiko juu ya duka la chakula cha mbwa. Tunalala wawili, mimi na Dilwyn, Mwelishi, mtu wa Wales, anayekoroma kwa lugha yake. Kazi yetu ni kuvuta turubai. Mvua ikianza tunafunika nyasi za uwanja, ikikatika tunafunua. Basi. Leo tumefunika na kufunua mpaka mikono imekuwa kama ya mtu mwingine.

Mkuu wetu ni Hedley Pask. Anasema na nyasi kwa upole ambao mkewe, nadhani, hajawahi kuuonja. "Taratibu hapo, jamani, zimetoka kunywa maji!" Sisi anatuita "nyie".

Mashindano ni ya wanawake, tenisi ya daraja la chini — wale huwaoni kwenye televisheni. Waingereza wako watano. Picha ya mmoja, Araminta Foyle, iko getini, kubwa kama mlango wa ghala. Amecheza saa tano asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa anatafuta teksi. Alipigiwa makofi mengi kuliko aliyemshinda! Hapa mtu wao akishindwa kwa adabu, wanampenda zaidi. Kwetu Grimsby, mji wa wavuvi, ukirudi na meli tupu hakuna anayekupigia makofi.

Jumanne, 11 Juni

Waingereza wengine wawili nje. Wa kwanza alimwomba radhi mpinzani kila mpira ulipogusa wavu. Wa pili alimwomba radhi mpinzani, mwamuzi, na nadhani na njiwa. Mzee mmoja wa kofia ya ukindu alikuwa amekaa karibu na kamba yetu ya turubai. "Binti ana moyo safi yule," anasema. Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye kufuma kwake: "Moyo anao. Mkono wa kulia ndio hana."

Nimekutana na mtu wa kwetu! Jodie Mumby, mmoja wa wachezaji wawili Waingereza waliobaki. Amekuja kwenye banda letu la vifaa kuomba maji ya moto. Nikamjua kabla hajamaliza kusema — lafudhi ile haijifichi.

"Wa Grimsby wewe?"

"Nyuma ya soko la samaki, kaka. Wewe je?"

Kumbe mama yake na mimi tulikata samaki kwenye meza moja, kabla kiwanda hakijafungwa na mimi sijaanza kuzunguka nchi nzima kama mbwa wa sarakasi. Wachezaji hapa hupewa vyumba majumbani mwa wanachama, ndiyo desturi. Yeye ameambiwa vyumba vimekwisha. Analala ndani ya gari lake nyuma ya banda letu, na raketi zake, na soksi zimeanikwa kwenye usukani.

Ana miaka thelathini. Akifika fainali atapata nafasi kwenye mashindano makubwa ya London — wamemtengea Mwingereza mmoja. Asipofika, anaacha. Julai anaanza kufundisha watoto kuogelea, bwawa la mji. Aliniambia yote hayo huku anapaka mkate siagi, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Nikamwongezea sukari kwenye chai.

Jumatano, 12 Juni

Mvua. Funika. Funua. Funika. Mgongo! Jodie kashinda katikati ya mawingu mawili. Walioona ni mimi, Dilwyn na mbwa mmoja mwenye koti.

Alhamisi, 13 Juni

Mwingereza wa nne katoka. Amebaki Jodie peke yake.

Saa nane mchana mlango wa banda ukagongwa. Bi Pettifer, mwenyekiti wa klabu, ambaye hajawahi kufika huku, maana kuna tope. Viatu vyeupe.

"Jodie wetu yuko wapi?"

Wetu! Dilwyn akanong'ona: "Jana alikuwa yule mwenye gari bovu."

Ghafla vyumba vimepatikana vitatu. Mabibi watatu walisimama pale kwenye tope wakimgombania kwa heshima. "Hapana, mpendwa, achukue chumba chako." "Sithubutu, mpendwa, chako kina jua." Wakaachiana na kuachiana mpaka nikaona dada wa watu atalala garini tena. Mwishowe Jodie mwenyewe akauliza nani ana bafu la kujilaza ndani. Akaenda kwa Bi Pettifer.

Jioni Dilwyn kaulizwa na mwanachama mmoja kama naye anamshangilia Mwingereza wetu. Kajibu: "Mimi nikivuta turubai ni Mwingereza, bwana. Nikidai chai ni Mwelishi."

Ijumaa, 14 Juni

KASHINDA TENA! Kesho nusu fainali. Nimepiga kelele mpaka Hedley akanikumbusha kwamba nyasi zinasikia.

Mwandishi wa gazeti la hapa alikuja. Bi Pettifer akamwambia Jodie ni "karibu mtu wa pwani hii hii". Mwandishi akasema Grimsby iko mbali sana kaskazini. "Bahari ni ile ile," Bi Pettifer akajibu, wala hakutabasamu.

Jodie alipita bandani kutusalimia. Hakulala vizuri. Kitanda kina mito saba ya mapambo. "Sijui usiku mtu anaiweka wapi, kaka. Niliogopa kuiweka chini. Nimelala nimekaa." Tulicheka mpaka Dilwyn akamwaga chai. Kisha Jodie akageuka kutazama uwanja. Akasema hajawahi kuutaka ushindi namna hii, na kwamba anaona aibu kuutaka. Nikamwambia aibu aiache chini ya mto wa saba.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika bandani, juu ya ndoo.

Anacheza na Mwaustralia, Kestle, jitu la msichana. Seti moja kila mmoja. Seti ya tatu Jodie anaongoza nne kwa mbili. Hapo mvua ikaanza.

Lakini hawa watu hawakubali kwamba inanyesha! Ukiwa wa kwanza kufungua mwavuli unamziba wa nyuma yako asione, na huo ni utovu wa adabu. Kwa hiyo watu mia tatu wamekaa wanalowa, wanatabasamu. Mwamuzi anamtazama Bi Pettifer. Bi Pettifer, maji yanamtiririka puani: "Ukungu wa bahari tu." Mwamuzi anaendelea. Mimi na Dilwyn tumeshika kamba.

"Mkuu, mwambie mwamuzi asimamishe," nikasema.

"Siyo nafasi yangu, Norris. Kuna mpira unachezwa."

"Nyasi zako zinateleza!"

"Najua." Alikuwa karibu kulia. Hakwenda.

Jodie akakimbilia mpira wa pembeni. Mguu ukaenda upande wake, yeye upande mwingine. Nilisikia sauti nisiyotaka kuisikia tena.

Na hapo ndipo miavuli yote ikafunguka. Yote! Kwa pamoja, kama waliopewa ruhusa.

Tukavuta turubai. Jodie hakutaka kwenda klabuni, alitaka huku. Sasa amekaa mbele yangu, mguu ndani ya ndoo ya barafu ya vinywaji. Daktari amekuja: haujavunjika, akitaka ajaribu, uamuzi ni wake. Kisha akaondoka haraka, chai ilikuwa imeiva.

Mvua inapungua. Nje, upande wa pili wa mbao za banda, kuna watu wamejikinga. Sauti ya Bi Pettifer, na ya yule mzee wa kofia.

"Masikini yule wa Grimsby."

"Masikini. Amejitahidi sana." Sauti ya Bi Pettifer inashuka. "Lakini huyu Kestle, nimeambiwa bibi yake mzaa mama alizaliwa Kent, hapa hapa Uingereza."

"Kent? Kweli?"

"Kent kabisa."

"Mbona basi ni kama wetu!"

Dilwyn alitaka kutoka awaseme. Jodie akamshika koti. Hakulia. Ametoa mguu kwenye ndoo, akaufuta kwa taulo ya klabu.

"Nifunge bendeji, kaka."

Nimemfunga.

"Kaza."

Nimekaza.

"Kaza kama mtu wa kwetu, bwana!"

Hedley ameingiza kichwa: funueni, mchezo unaendelea baada ya dakika tano. Dilwyn ametoka. Ananiita. Ananiita tena.

Jodie amesimama. Ameshika raketi kwa mkono mmoja, ukuta kwa mwingine. Hajauachia bado.