Shingo ya Wekesa

Mama mpendwa,

Bwana asifiwe huko uliko. Usishtuke: ule uvimbe wa Wekesa umetolewa. Mwanangu ni mzima, anakula ugali kama mtu aliyetoka kulima.

Wewe ulitangulia ukiamini kwamba Baba amerudi kwa mjukuu wake. Si marehemu Baba alikuwa na uvimbe pale pale, chini ya taya upande wa kushoto? Wekesa alipotokeza wake, ukaanza kumwita kwa jina la Baba. "Karibu mume wangu, leo umeniletea sukari?" Naye anacheka mpaka anakohoa. Hata daktari wa kwanza alisema ni kifuko cha kuzaliwa nacho, hakina haraka. Basi tukatulia.

Lakini tulipokwisha kukuzika, kikaanza kukua. Mtoto akawa anameza kwa shida. Nikampeleka Kitale. Mama, niliogopa mara mbili: kumpoteza mtoto, na kumkata Baba aliye shingoni mwake. Nilipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya hospitali, watu wakinipita.

Daktari alitoka chumba cha upasuaji ameshangaa. Ndani ya uvimbe kulikuwa na maji safi kama ya chemchemi, na ngozi nyeupe laini, kama ute wa yai lililochemshwa. Maabara ikasema ni mnyoo. Wa mbwa, Mama! Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yakashika manyoya na udongo, mtoto akalamba vidole. Na mbwa wanaupata kwetu: tukichinja kondoo, yale maini na mapafu yenye vifuko vya maji tunawatupia wao. Kabuchai nzima tunafanya hivyo.

Daktari alisema kwa kawaida hukaa kwenye maini. Shingoni hajawahi kuona. Kitu kisichoonekana kwa macho kimepita tumbo, kimepita damu, kikaenda kusimama mahali pa Baba. Nani alikionyesha njia? Sijui. Nasema tu, Mungu wetu ni mkubwa, na sisi hatujui kitu.

Kaka Barasa alisema, "Ati Mzee amerudi na mbwa wake wote!" Tulicheka. Halafu nikalia.

Maini na mapafu ya mtoto yamepigwa picha, ni safi. Dawa za minyoo bado anameza.

Jumapili tulikuja kaburini kwako. Wekesa akashika kovu, akaniuliza, "Kukhu atanijua?" Nikamwambia amuulize bibi yake mwenyewe. Akainama, akakaza sauti kama mzee: "Mama watoto, nimefika."

Pumzika, Mama. Mbwa wako sitawafukuza, nitawapa dawa. Na maini yenye vifuko nitayachimbia shimo refu mimi mwenyewe, hata wanaume wa boma wakinicheka. Huyu mtoto ataota mvi, Bwana akipenda. Nakuahidi.

Binti yako,
Nafula