Halbadiri ya Mayai ya Bata

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefagia banda la bata, nimebadilisha maji, nimehesabu mayai. Kumi. Ijumaa yalikuwa kumi na moja. Nimemnyanyua bata mwenyewe nikahesabu tena, mpaka akanidonoa mkono. Kumi.

Hakuna ganda. Hakuna hata alama ya ute kwenye majani makavu anapoatamia. Panya akila yai huacha uchafu. Asiyeacha uchafu ni mtu.

Nimemwambia Makame. Yeye ni fundi seremala mstaafu, ndiye msimamizi wa shamba letu la mtaa hapa nyuma ya skuli. Kasema labda nimekosea kuhesabu. Mimi! Miaka thelathini nimepekua mizigo ya wanawake kwa kazi ya forodha, bandarini kwetu Malindi, sikukosea kuhesabu hata kanga zilizofichwa ndani ya kanga.

Mchicha umemwagiliwa. Magoti yanauma.

Jumatano, 6 Agosti

Tisa.

Watoto wa chekechea wanakuja Jumamosi kutazama wanyama. Nimeshawaahidi vifaranga mwisho wa mwezi. Sasa nitawaambia nini?

Nifikiri vizuri. Tunaojitolea hapa kila asubuhi ni watatu. Makame hali mayai, yanamtoa vipele. Mimi si mwizi. Amebaki Bi Mize.

Sipendi kuliandika hili. Bi Mize ametoka kijijini Makunduchi miezi mitatu iliyopita, anaishi kwa binti yake, Salama, huku huku Kikwajuni. Anajua kulima kweli. Ananiita Bi Mjini. Anasema nashika jembe kama nashika upawa. Saa nne tunakaa kwenye gogo tunakunywa chai yake ya tangawizi, ananisimulia habari za majirani zake mpaka mbavu zinaniuma. Tangu marehemu mume wangu aondoke sijapata mtu wa kunichekesha isipokuwa huyu. Nampenda. Basi.

Lakini ana kikapu cha ukili chenye kifuniko, na kikapu hicho hakiweki chini.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimetoka nyumbani kabla maduka ya Mji Mkongwe hayajafunguliwa. Nikadhani nitakuwa wa kwanza. Bi Mize yuko. Kainama nyuma ya banda la bata.

Aliponiona kasimama haraka, kafunika kikapu. "Leo umeamka na kuku, Bi Mjini!" Kacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

Mwenye mzigo safi hukuachia ufungue mwenyewe, akaendelea na mazungumzo yake. Mwenye jambo hukumbatia. Hilo nililijua nikiwa na miaka ishirini na tano na sijaona likikosea.

Mayai tisa bado. Maana yake nimemuwahi.

Sikunywa chai. Nimesema nina kiungulia.

Jumamosi, 9 Agosti

Watoto wamekuja, kelele tupu. Wamewalisha sungura karoti, wamemkimbiza mbuzi, mmoja kalia kwa sababu mbuzi kala kofia yake. Bi Mize kawafundisha kupanda mabamia. Walimzunguka kama wamemjua miaka. Mimi nilikuwa natazama mikono yake tu.

Walipoingia mayai yalikuwa tisa. Walipotoka, manane.

Nimewapekua watoto mifuko. Watoto wa chekechea! Mwalimu wao kanitazama, nikasema natafuta mbegu. Niliona haya, lakini mifuko ilikuwa safi, kwa hiyo nimejua ninalolijua.

Jumatatu, 11 Agosti

Manane. Nimemwambia Makame wazi wazi ninayemshuku. Kasema nimuulize mwenyewe. Makame anaona mambo mepesi. Mtu mzima mwenzako unamuulizaje habari ya yai? Akikataa umemvunjia heshima, akikubali umemvunjia zaidi.

Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Na huyu nimemvaa mwenyewe.

Jumanne, 12 Agosti

Saba. Nimepandwa na hasira, na nimefanya jambo.

Tulikuwa kwenye gogo sote watatu. Nikasema, "Jana baada ya laasiri nimesomesha Halbadiri. Aliyechukua mayai ya wale watoto ajijue."

Hakuna asiyejua maana yake. Kikisomwa kisomo hicho mwizi hana pa kukimbilia. Tumbo humvimba, au akili humruka, mpaka arudishe au aombe radhi. Wapo waliokufa, watu wanasema. Makame kasema astaghfirullah, kwa mayai tu, Bi Zuhura? Bi Mize kaimwagia chai kanga yake. Nimeiona.

Sasa niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Sikusomesha chochote. Sikwenda kwa mwalimu, sikutia ubani. Kisomo kile naogopa hata kukitaja. Nilitaka mwizi aogope tu.

Ameogopa.

Alhamisi, 14 Agosti

Bi Mize hakuja jana, wala leo. Mayai saba, hayajapungua. Nani tena anataka ushahidi?

Nimekoroga mbolea peke yangu. Chai nimekunywa ya Makame. Haina tangawizi.

Jumamosi, 16 Agosti

Hakuja. Saba.

Jumatatu, 18 Agosti

Salama kaja shambani kutafuta jembe la mama yake. Mama anaumwa, kamrudisha Makunduchi. Tumbo limemvimba, hali, halali. Hospitali wamempima hawakuona kitu. Salama alisema yote hayo akimtazama Makame, mimi hakunitazama hata mara moja. Mwisho kasema, "Mama anasema imempata," akaondoka.

Makame kanigeukia. Nilijua anachofikiri, kuwa kisomo kimeshika. Dunia nzima ni mimi peke yangu ninayejua kuwa hakuna cha kushika. Ndoo ikaniponyoka.

Halafu nikajiambia kuwa mwenye kosa hujishitaki. Kama hakuiba, tumbo limvimbie nini? Nimejiambia hivyo njia nzima mpaka nyumbani, mpaka nikapitiliza mlango wangu.

Jumatano, 20 Agosti

Kenge.

Saa tatu asubuhi bata kapiga kelele. Nimekimbia. Kenge mrefu kuliko mkono wangu, nusu yake ndani ya banda, nusu nje, kaingilia tundu la ubao uliooza kwa nyuma. Yai alikuwa nalo kinywani. Hakulivunja. Kainua kichwa tu, likashuka kooni zima zima, nikaliona likipita. Kisha kajilamba, akateremka mtaroni taratibu kama mtu aliyekaribishwa chakula na wenyewe.

Hakuna ganda. Hakuna ute.

Nimekaa chini pale pale kwenye uchafu wa bata. Makame kaja na nyundo, kaziba tundu, kapigilia ubao mpya. Alipomaliza kasema, "Maskini yule mama, kaumia bure." Ilikuwa nafasi ya kumwambia kuwa niliongopa, na sikumwambia.

Mayai sita.

Alhamisi, 21 Agosti

Sikwenda shamba. Nimefua mapazia yasiyo na uchafu.

Nikisema, mtaa mzima utanijua kuwa ni mwanamke anayechezea maneno ya Mungu kwa sababu ya yai. Nisiposema, yule atakufa kwa kitu ambacho hakipo. Nimetafuta la tatu tangu asubuhi. Halipo.

Naona aibu kuliko ninavyoogopa. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Jumamosi, 23 Agosti

Makunduchi. Nimefika saa tatu. Nyumba nimeelekezwa na watoto, na kila mtoto aliyesikia jina langu karudi nyuma hatua moja.

Bi Mize kalala kitanda cha kamba, kakonda uso, tumbo juu kama mja mzito. Ndugu zake wamejaa mlangoni. Nimemwambia yote mbele yao. Nikamwambia habari ya kenge. Nikamwambia sikusomesha Halbadiri, niliongopa, nikaapa kwa Mungu mara tatu kuwa niliongopa. Nililia pia, nami si mtu wa kulia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha kanishika mkono akanionea huruma. Yeye, mimi.

"Unanipoza moyo, n'najua," kasema. "Mungu akulipe. Lakini ingekuwa hukusomesha, tumbo hili limetoka wapi?"

Nikaapa tena. Akatikisa kichwa. Akasema mayai hakuyagusa, wallahi, lakini alikuwa akichuma matembele. Kila siku fungu moja, yale yanayotambaa nyuma ya banda, anaficha kwenye kikapu. Kazi ya Salama imesimama na nyumbani hakukuwa na mboga. "Nkaona haya kuomba. Kisomo hakichagui, Bi Zuhura. Kilitafuta mwizi, kikankuta mimi."

Matembele! Tunayang'oa tunamtupia mbuzi.

"Nipe radhi," kasema.

Nikasema mimi ndiye niliyekuja kuomba radhi. Akarudia. Akarudia tena, na safari hii sauti ilikuwa haitoki. Shangazi yake, bibi kizee wa mlangoni, kanifokea: "Mpe radhi, mwanangu! Unataka afe na majani ya watu tumboni?"

Nikasema nimekupa radhi.

Wakaleta kikombe cha maji, wakanambia nisomee. Nimesoma Alhamdu. Sauti ilitetemeka, wakadhani ni uzito wa jambo. Bi Mize kanywa maji yote, kafumba macho, na baada ya muda kidogo kaomba uji.

Nilipokuwa natoka nilirudi tena kitandani. Nikamwambia nisamehe na wewe. Kanijibu kwa upole kabisa, "Wewe huna kosa. Ulitafuta mali ya watoto."

Sijapata kutukanwa hivyo maisha yangu yote, na mwenyewe hakunitukana.

Jumanne, 26 Agosti

Salama kaleta habari. Mama kasimama, kala wali, tumbo limeshuka. Ananishukuru. Kanibusu mkono! Niliuvuta nikakimbilia kwa sungura.

Alasiri nimekwenda Darajani kununua samaki. Mwanamke nisiyemjua kanivuta kando. Bangili yake ya dhahabu imepotea, anamshuku wifi yake, nimpe jina la mwalimu wangu. Nimemwambia hakuna mwalimu wala kisomo. Kanikonyeza. "Sawa, Bi Zuhura, siri ni siri," kasema, akaniongezea chenza mbili kwenye mfuko wangu.

Jumatano, 27 Agosti

Nimemwambia Makame kila kitu. Kuwa niliongopa siku ile kwenye gogo, kuwa Makunduchi hawakuniamini. Kasikiliza ameshika kofia mkononi. Kasema, "Naam, Bi Zuhura."

Zamani alikuwa akinikatiza maneno kabla sijafika katikati. Leo hakunikatiza. Ameniamini, au ananipa tu ninachotaka kusikia? Nimemtazama uso kwa makini. Miaka thelathini ya kazi, na sikujua.

Ijumaa, 29 Agosti

Shambani hakuna kinachopotea siku hizi. Mkasi wa kupogolea uliokuwa haupo tangu mwezi wa tano leo nimeukuta juu ya kiti changu, umesafishwa, umepakwa mafuta. Hakuna aliyesema aliuleta. Wanawake wawili wa mtaani waliokuwa wakikata njia kupita kwetu sasa wanazunguka skuli.

Nimekunywa chai peke yangu.

Jumatatu, 1 Septemba

Vifaranga vitano vimetoka jana. Yai moja halikuwa na kitu. Watoto watakuja Jumamosi.

Bi Mize amerudi. Bado mwembamba, ila anatembea vizuri. Aliponiona kanambia shikamoo. Tuko rika moja. Kama kuna mkubwa kati yetu ni yeye. Nilikaa kimya, na yeye akasimama pale pale akisubiri, ikabidi niseme marahaba.

Nimemkatia matembele mwenyewe, fungu kubwa. Kayapokea kwa mikono miwili, kauliza kama ni yote yake.

Amepalilia tuta la mwisho, mbali na langu. Saa nne nikakaa kwenye gogo, nikasogea kumpisha. Hakukaa. Kasema hajachoka. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni, na bomba lilikuwa hatua mbili kutoka aliposimama. Bomba la skuli, la watu wote, hata mbuzi hunywa pale.

Kaniomba ruhusa ya kunywa maji.

Nimempa.