Kufuli ya Clarisse

Bunia, tarehe 9 Septemba 2022

Mpendwa yaya Joséphine, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia sana toka huku nyumbani. Huko Kinshasa weye uko muzima? Ule muguu umepona? Siye tuko wazima kwa neema ya Mungu, ila mvua imeharibu njia ya Mongbwalu na nguo ninazoshona zinachelewa kufika kwa wateja.

Yaya, nina jambo la haya. Unamukumbuka Clarisse, tuliyejifunza naye kushona? Naye, kama mimi, anapokea komandi, maagizo ya nguo za arusi, kwenye internet. Site yangu ilitangulia, picha zangu zinashinda zake, lakini watu walienda kwake. Kila asubuhi, hata kabla ya sala, nilifungua site yake niangalie nguo mupya. Juu, pembeni ya jina la site, kuna kufuli kidogo. Kwangu simu iliandika: "Non sécurisé", ni kusema haina usalama.

Mwezi wa tano alikuja mwenyewe kuniambia site yangu haina cheti cha usalama, ndiyo maana yote wateja wanayoandika yanapita wazi njiani, na kwamba cheti kinapatikana bure. Niliona anajisifu. Nilimujibu gauni zangu hazihitaji kufuli.

Mwezi wa saba Adèle, binti ya shangazi Vahwere, aliniagiza gauni ya arusi. Alijaza vipimo vyake kwenye site yangu, akiwa kwenye cyber, nyumba ya internet yenye wifi ya watu wote. Kijana mumoja wa korali ya waimbaji wa kanisa letu, aliyekuwa kwenye wifi ile ile, alivinasa. Jumapili vipimo vya kiuno na kifua cha bibi arusi vilikuwa kwenye simu za korali nzima.

Adèle alikuja, macho mekundu. Hakupaza sauti.

"Nilikuandikia weye, yaya Musoki. Sikuandikia korali."

Akachukua kitambaa chake alichoniletea nimushonee, akaenda.

Nilijikaza nikaenda kwa Clarisse. Hakunicheka, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Aliniwekea cheti siku ile ile. Alinieleza kwamba kinahakikisha site ni yangu kweli, na kinafunga maneno ya muteja mpaka yanifikie mimi peke yangu.

Gauni ya Adèle aliishona Clarisse. Jumamosi ya arusi, kanisani, niliketi nyuma karibu na mulango. Bibi arusi alipopita nilitafuta kosa katika mushono. Sikuliona.

Niombee, yaya. Moyo huu haujatulia.

Musalimie shemeji Floribert na Plamedi. Mama anawabariki: Mungu awe mbele yenu kila munapokanyaga.

Wako akupendaye, mudogo wako mwenye wivu,

Musoki