Kodi Juu ya Kodi

Jumatatu, 10 Februari 2025

Joto la Voi leo halina adabu. Nimeshona mkono wa sare ndani nje, nikafumua, nikashona tena — vilevile! Akili haiko kwa cherehani.

Iko kwa ile karatasi mume wangu, Baba Shanice, amebandika kwenye geti. Kuanzia mwezi huu wapangaji wote wataongeza kodi ya VAT juu ya bili ya stima na ya maji. Ameandika kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini kwa rula. Shati lake limepigwa pasi kama la mtu anayeenda kazini. Tangu wampunguze kazini kule shamba la mkonge, hizi nyumba zetu tano za kupangisha hapa Kaloleni ndizo ofisi yake. Kila asubuhi anazunguka na kalamu sikioni akisoma mita ndogo za wapangaji. Mimi nashona, yeye anasimamia. Imekuwa sawa hivyo.

Nzembi wa nyumba ya tatu ndiye alisoma karatasi kwa sauti. Akauliza, kwa heshima tu, hii kodi si tayari iko kwa tokeni? Ukinunua stima, si wanakata hapo hapo?

"Hiyo ni ya kampuni ya stima," mzee akasema. "Hii ni ya mwenye nyumba. Sheria mpya."

"Sheria gani, Baba Shanice?"

"Serikali haibishaniwi, mama."

Hakubisha. Alirudi kwa friza yake. Anauza barafu na juisi ya ukwaju huko stendi, na hili joto limemletea wateja mpaka anajichekea mwenyewe. Lakini swali lake limebaki na mimi. Si tayari iko kwa tokeni?

Jumatano, 12 Februari

Gibson amekuja. Ni wa Mwatate, tunamjua kutoka kamati ya ujenzi ya kanisa. Sasa anasema yeye ni wakala, anasaidia wenye nyumba kupeleka kodi. Viatu vinang'aa, hata vumbi la Kaloleni linamheshimu.

"Dada Tryphena, chai yako inaweza kufufua mtu."

Halafu akapunguza sauti. Kuna mwenye nyumba — hakutaja nani, hakutaja wapi — amefungiwa ploti nzima ya nyumba kwa sababu hakutoza wapangaji VAT. Mume wangu alikuwa anasikiliza kama mwanafunzi wa darasa la tatu. Akatoa bahasha ya pesa akampa. Imetoka mfukoni mwetu kwanza, wapangaji watarudisha mwisho wa mwezi.

Nikauliza risiti.

"Zinakuja kwa mtandao, dada. Na mtandao wenyewe ndio huo, unaujua."

Wakacheka. Nikacheka pia, mdomo tu. Alipotoka, mzee akanigeukia: nimemwaibisha, mgeni anaulizwa risiti? Nikasema mgeni anayebeba bahasha, ndiyo. Akatoka nje kusoma mita alizosoma asubuhi.

Ameogopa. Huyu mtu namjua — akiogopa anakuwa mkali.

Jumamosi, 15 Februari

Sijui hata nianzie wapi.

Nzembi alileta rent mapema, na ya stima, na ya maji. Kamili. Ya VAT akasema hatoi mpaka aone karatasi ya serikali. Wengine walikuwa milangoni wakimwangalia. Hapo ndipo kosa lilipotokea, nafikiri — milango ilikuwa wazi. Kama wangekuwa wawili tu, mume wangu angeguna na kuondoka. Lakini watu walikuwa wanatazama. Alitembea mpaka kwa boksi la mita, akazima laini ya nyumba ya tatu.

"Ukilipa, nitawasha."

Nilimfuata jikoni. Nikamwambia friza ya Nzembi imejaa! Akasema basi atalipa haraka.

Hakulipa. Mpaka saa nane maji mekundu na ya kahawia yalikuwa yanatoka chini ya mlango wake, yanateremka ngazi, yanapita mbele ya nyumba ya Mulinge, mpangaji mwenzake. Nyuki wamejaa. Harufu ya ukwaju kila mahali. Mulinge alitoka na ufagio akasaidia kusukuma maji mpaka mtaroni, bila kuangalia upande wetu. Nzembi hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda akikamua kitambaa, anakamua, anakamua.

Nami nilikuwa wapi? Dirishani. Na sindano mkononi.

Jumapili, 16 Februari

Sikuimba kanisani. Gibson hakuwepo, amesafiri, wanasema.

Tuliporudi tulikuta mkokoteni getini. Nzembi anahama, anaenda kwa dada yake Mwelu, huko Mwatate. Nilienda kumshikia upande mmoja wa friza. Akaniacha nishike. Tulipoiweka akasema, "Mama Shanice, kwako sijawahi kukosa heshima, na wewe kwangu pia."

Nikasema pole.

"Badala ya pole, ungemkanya yeye. Jana."

Jumanne, 18 Februari

Nimeenda mwenyewe. Nimemwambia mzee naenda kununua uzi.

Ofisi ya ushuru ina feni inayozunguka bila kutoa upepo. Msichana wa kaunta ni wa rika la Shanice wetu. Nilianza kwa kuzunguka — eti kuna rafiki yangu ana nyumba za kupangisha… Alitabasamu. "Sawa mama. Rafiki yako anataka kujua nini?"

Nikamuuliza kama mwenye nyumba analipa VAT kwa stima na maji ya wapangaji.

Akaeleza polepole. VAT ya stima iko ndani ya tokeni. Mwenye nyumba akinunua, ameshalipa, imekwisha, kwa sababu kwa kampuni ya stima yeye ndiye mteja. Harudishiwi, wala hana ruhusa ya kuitoza mara ya pili. Awatoze wapangaji gharama ileile aliyolipa, basi. Maji ya bomba ya nyumbani hayana VAT. Hata rent ya nyumba ya kuishi haina.

"Na kama kuna wakala anapita kukusanya?"

Akaacha kuandika. "Mama, sisi hatutumi mtu na bahasha."

Nikashika kaunta. Yeye akaendelea, kwa upole: kuna kodi nyingine, ya mapato ya nyumba, hiyo ni ya mwenye nyumba mwenyewe na inategemea anapata kiasi gani kwa mwaka. Rafiki yangu analipa? Nikasema sijui. Ni kweli, sijui! Gibson alisema bahasha inamaliza yote.

"Mwambie aje na mumewe," akasema. "Hatuumi."

Nimetoka nimesahau uzi.

Alhamisi, 20 Februari

Bado sijamwambia mzee.

Anapaka rangi nyumba ya tatu. Anapiga mluzi. Ameosha ngazi kwa sabuni ili nyuki waondoke, na ameniita nione ukuta ulivyonyooka. Nimeona. Umenyooka. Nimerudi kwa cherehani nikavunja sindano.

Nimempigia Shanice huko chuoni. Akasema, "Mum, mwambie tu. Si ni dad?"

Ndiyo sababu, nikamwambia. Ndiyo sababu.

Naamka, nakaa, napanga vitambaa kwa rangi, navivuruga. Nikisema, nimemvua nguo. Nisiposema, mwisho wa mwezi wapangaji wanne watalipa kodi ya hewa, na bahasha itaondoka tena. Mulinge ameniuliza kama nilipata uzi mzuri mjini. Kwa nini ameuliza hivyo? Labda ni swali tu.

Ijumaa, 21 Februari

Nimemwambia. Wakati wa chai, kikombe kikiwa bado kimejaa, ili awe na kitu cha kushika.

Kwanza akakataa — wale wa kaunta ni watoto, wanajua nini. Halafu akachukua simu. Akampigia Gibson. Hapatikani. Akapiga tena. Akavaa viatu vya kanisani bila soksi akaenda Mwatate.

Amerudi jua likizama, uso umekuwa mdogo. Nyumba aliyopanga Gibson imefungwa kwa kufuli. Na hapo mlangoni amekuta wanaume watatu, wote wenye ploti, wote anawajua.

"Mkasema nini?"

"Hakuna aliyesema. Mmoja alijifanya anatafuta fundi wa pampu. Mimi nikauliza kama hapo wanauza mbuzi."

Nilitaka kucheka. Nikaenda kupasha chakula moto, na hakula.

Jumamosi, 22 Februari

Tumegombana tangu asubuhi, kwa sauti ya chini, kuta hizi zinasikia.

Mpango wake: karatasi ataitoa getini kimya kimya. Wapangaji wakiuliza, atasema sheria imebadilishwa. Ya Gibson tumwachie Mungu.

Nikasema, na Nzembi?

"Nzembi ameshahama."

"Amehama au umemhamisha?"

Aligonga meza, cherehani ikaruka. Halafu akakaa. Akasema, "Nilipotoka kwa shamba la mkonge, watu walinionea huruma mwaka mzima. Wananisalimia kama mgonjwa. Hizi nyumba ndizo zilinisimamisha. Sasa niende nisimame mbele ya Mulinge niseme nimetapeliwa? Kijana ananiita mzee, Tryphena!"

Hajaniita Tryphena tangu Shanice azaliwe.

Nikamwambia tu, kesho baada ya kanisa naenda Mwatate kwa Nzembi. Na polisi tutaenda Jumatatu, na ile ofisi pia, hata kama ni mimi peke yangu. Akauliza nimepewa ruhusa na nani. Nikaendelea kushona. Mshono umenyooka, wa kwanza wiki hii.

Jumapili, 23 Februari

Naandika haraka, mezani kwa cherehani, dirisha wazi.

Mzee alikuja. Nilikuwa nimefika getini, nikasikia viatu nyuma yangu. Tukapanda matatu mpaka Mwatate.

Nzembi alikuwa uani kwa Mwelu, anapanga chupa. Friza haikuwaka tena tangu ile siku. Maji yaliingia chini. Mume wangu akavua kofia. Akasema amekuja kwa sababu ya… ya mambo ya stima. Nikadhani atakwama hapo. Akasema, "Ulikuwa unasema kweli. Nilidanganywa, nami nikakuumiza. Friza nitatengeneza."

Mwelu akaguna. Nzembi akafunga kifuniko cha chupa, taratibu.

"Nimesikia, Baba Shanice. Lakini stima hukuzima hapa kwa dada yangu. Ulizima mbele ya watu. Hayo maneno ni ya kule."

Mume wangu alimwangalia. Nikajua anatafuta ukali wake wa zamani, na hakuupata.

"Basi twende," akasema.

Sasa tuko nyumbani. Wapangaji wamejua kuna jambo — Mulinge ametoa kiti, nyumba ya kwanza wamezima redio, mama wa nyumba ya tano amesimama na mtoto mgongoni. Nzembi amekataa kuingia. Yuko nje ya geti, mkono kwenye komeo, upande wa barabara.

Mzee ameenda katikati ya ua. Kofia mkononi, anaizungusha. Anakohoa.

"Wapangaji wangu," ameanza. Ameishia hapo. Mtoto wa nyumba ya tano analia, anatulizwa. Amenitazama hapa dirishani, mimi naandika kama mwendawazimu, nimemwitikia kwa kichwa, endelea.

Ameweka kofia chini, kwenye saruji.

"Majirani," amesema —