Ngazi ya Nyuma

Jumanne.

Jumba la yule tajiri wa viwanda wa zamani, na mnara wake wa matofali, lingeshaanguka kama si mimi. Ndivyo nilivyomwambia Neema, mtoto wa dada yangu, alipotaka habari za kuandikia insha ya shuleni.

"Anko, ile ngazi nyembamba ya nyuma ya nini?"

"Tajiri alikuwa akimkimbia mkewe!"

Akaandika. Leo kaisoma darasani, mwalimu akamsahihisha kuwa ilikuwa ya watumishi. Wenzake wakamcheka. Eti akawajibu, "Anko wangu ana ngazi ya juu pale!"

Imeniuma. Ijumaa darasa zima linakuja kulitazama jumba.

Nilijua ni ya watumishi. Kila asubuhi napandia hiyohiyo na ndoo yangu. Ile kubwa ya mbele naipiga deki tu.