Kipande cha Sakafu Nyuma ya Nyumba

Shangani,
S.L.P. 114,
Mtwara.
14 Septemba 1975

Mpendwa mdogo wangu Stefano,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta umekwisha kunywa uji na hujaanza kukohoa. Kifua kimepungua tangu baridi ya Julai? Na shemeji Felista, goti linamruhusu kupanda mlima, au bado anapanda kwa ubishi? Petro wenu naye nasikia amekuwa mrefu kuliko mimi, jambo ambalo si gumu, lakini mpe hongera. Sisi huku tu wazima. Mimi macho yananiwasha kidogo, kwa sababu utakayoiona mbele. Rozalia miguu inamvimba jioni, ila anakula, anacheka na anagombana na kuku wa jirani, kwa hiyo usiwe na hofu.

Barua yako niliipata tarehe mbili Agosti. Nimechelewa kujibu na siwezi kusingizia posta. Uliniuliza jambo moja tu: kama mimi na shemeji yako tunarudi nyumbani, ili kipande cha baba, kile cha juu ya kijito, tutunziwe; na kama haturudi, kijiji kipya kitapanga mashamba mwishoni mwa Oktoba kabla ya mvua, na wewe unapenda apewe Petro kabla hajapewa mtu mwingine. Ulitaka ndiyo au hapana. Nilikaa na kalamu siku nne. Siku ya tano nikaandika ndiyo, nikaiacha mezani wino ukauke. Jioni hiyo hiyo Rozalia akaniomba sakafu.

Alitaka mahali pa kukaa nje, nyuma ya nyumba, kati ya mipapai na kisima, panapopita upepo. Pasiwe mchanga, maana mchanga wetu unaingia mpaka kwenye chumvi, na masika hapakaliki. Aweze kutandika mkeka, anyooshe miguu, apokee wageni wake. Ni hayo tu aliyosema, kisha akaenda kufunga kuku.

Stefano, mtu anayefunga mizigo mwezi wa kumi haombi sakafu mwezi wa nane. Au anaomba? Miaka thelathini na mitatu nimeishi na mwanamke huyu, na kila masika namsikia akisema maji ya kwetu ni baridi, viazi vya kwetu ni vitamu, ukungu wa kwetu unatuliza kichwa. Nilikuwa na hakika kwamba anasubiri tu mimi niseme twende. Nilitakiwa kumwuliza. Badala yake nilichukua karatasi nikaanza kuchora.

Nilichora michoro sita. Wa kwanza ulikuwa mraba, wa pili nusu duara, kama nilivyowahi kuona katika kitabu kimoja cha bustani za Wazungu. Kisha likaja suala la vifaa, na hapo ndipo nilipopotea kabisa. Saruji haipatikani bila kibali, na kibali kinawaendea kwanza wanaojenga zahanati na madarasa, ambao siwezi kushindana nao na dhamiri yangu ikatulia. Matofali ya kuchoma nilielezwa kwamba udongo wa hapa hauyataki, yanamung'unyuka kama biskuti. Changarawe tupu itamchoma miguu. Mbao zitaliwa na mchwa kabla sijazimaliza. Kila niliyemwuliza aliniambia kitu kimoja kwa uhakika, na aliyefuata akaniambia kinyume chake kwa uhakika ule ule. Kwetu ningeteremka kijitoni nikachagua mawe bapa thelathini, kazi ikaisha. Huku kuna matumbawe, yamejaa matundu, na hayakai sawa hata ukiyabembeleza.

Mwisho nilikwenda Chikongola kwa Fundi Salumu, mzee aliyejifunza kazi kwa watu wa zamani. Alinisikiliza mpaka mchoro wa sita.

"Mwalimu," akasema, "weka karatasi. Saruji anayo mwenye kibali. Wewe piga sakafu ya chokaa. Unazo kokoto za matumbawe, chokaa ya tanuri ipo, udongo mwekundu nitakuletea. Ila ile haisambazwi ikaachwa. Inapigwa. Siku tatu mfululizo, watu wamekaa mstari, kila mmoja na kibao chake, wanapiga mpaka iache kutoa maji. Unao watu?"

Nilimjibu kwamba nitafikiri. Njiani kurudi nilifikiri kweli. Nilikuja hapa mwaka 1948, nikafundisha watoto, kisha watoto wa watoto wale. Wananiamkia hadi mkono unachoka kuitikia. Lakini watu wa kuwaambia njooni mnipigie sakafu siku tatu, hao ni ndugu, na ndugu zangu wako kwako huko. Tena mwaka huu mambo yamevurugika zaidi, maana tangu Msumbiji wapate uhuru wao Juni, wale Wamakonde wa ng'ambo waliokaa nasi miaka kumi wanafunga vitanda na kuvuka Ruvuma kurudi kwao. Kila wiki tunaaga familia. Kila anayeaga ananiuliza, na wewe Mwalimu, unakwenda lini? Kama vile nami nilikimbia vita.

Basi nikaamua kama mwalimu: nitajaribu kwanza kipande kidogo, peke yangu, nione kama chokaa itashika. Magreth wetu, anayefundisha Mpapura, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na Rozalia akaenda kumwuguza tangu Jumamosi. Aliondoka alfajiri na lori la mihogo bila kumuaga jirani hata mmoja. Nikaona ndiyo nafasi. Atakaporudi akute mfano, achague mwenyewe.

Nilipima upana hatua moja, urefu hatua mbili na nusu. Nilikielekeza mashariki na magharibi kwa sababu ndivyo ardhi inavyoteremka na maji yatakavyokimbia. Nilichimba, nikajaza kokoto, nikazungushia mawe ya matumbawe, nikakiinua kama shubiri moja juu ya ardhi. Kila mwisho nilisimamisha jiwe moja la kufungia kamba. Halafu nikapiga magoti nikaanza kulainisha chokaa kwa kiganja. Upepo ukainuka, chokaa ikaniingia machoni. Nililia, Stefano, machozi yalinitiririka mpaka kidevuni, na kwa vile mikono ilikuwa na chokaa sikuweza kuyafuta. Nikaendelea kulainisha huku nalia.

Jirani yetu wa uzio wa mianzi ni Bi Mwanahawa. Yeye na mumewe Mohamedi wana shamba la korosho, lakini nyumba yao ni hapa. Niliinua macho nikamwona amesimama kwenye uzio, kanga kichwani, mkono mdomoni. Nikamsalimia. Hakuitikia, aliondoka. Nikasema moyoni, leo ameamka vibaya.

Baada ya saa moja alikuja Mzee Mohamedi na jembe begani. Akalilaza chini, akaketi kwenye mchanga karibu nami. Mimi nikadhani amekuja kutazama kazi. Nikamweleza habari za kokoto. Aliitikia kila sentensi kwa kuinamisha kichwa, kwa upole mkubwa sana, kama unavyomwitikia mtu mwenye homa. Kisha wakaanza kuingia wanawake. Wa kwanza alikuwa na mzigo wa kuni kichwani, wa pili ungo wa unga wa muhogo, wa tatu sufuria kubwa. Kanga zimefungwa viunoni. Wakaketi mstari kwenye ukuta wa jiko. Nilihesabu kumi na mmoja. Nikaanza kuona haya kwamba sina hata chai, na hapo Bi Mwanahawa akaja mbele yangu.

"Mwalimu, sisi tumekukosea nini?"

Nikasema hawajanikosea kitu.

"Mbona umemlaza peke yako, kama mtu asiye na majirani?"

"Nimemlaza nani?"

"Mama Magreth!"

"Mama Magreth yuko Mpapura, kwa mjukuu."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

"Na hapa kalala nani?"

"Hapa hajalala mtu. Hii ni sakafu."

Hapo ndipo nilipogeuka nikaitazama kazi yangu kwa macho yao: nyeupe, ndefu kama mtu, imezungushiwa matumbawe, jiwe kichwani na jiwe miguuni. Makaburi yao yote yamekaa hivyo, nami nimeyapita miaka ishirini na saba. Tena walikuwa wamesikia kwamba sisi watu wa bara huzika karibu na nyumba.

Bi Mariamu, shangazi yake Mohamedi, ambaye umri wake hakuna anayeujua, aliisogelea akaigonga kwa fimbo. "Sakafu," akasema. "Ya kukaa nani, kuku?"

Wakacheka mpaka wengine wakashika ukuta. Mohamedi alilitazama jembe lake kana kwamba ndilo lililomleta. Bi Mwanahawa peke yake hakucheka. Aliketi kwenye mchanga akaanza kulia upya, kwa hasira sasa. "Nimelia tangu asubuhi bure! Na huyu mwanamke, nitamwonyesha. Mtu anaondoka siku nne haagi? Akirudi simsalimii."

Rozalia alirudi kesho yake adhuhuri akakuta kuni za matanga yake zimejaa uani. Alipoelezwa alicheka hadi akashika mbavu, akaenda kuomba radhi kwa Mwanahawa, na nilisikia kupitia uzio makelele, kisha kimya, kisha makelele mengine ya furaha. Aliporudi aliizunguka sakafu ile mara mbili. Nilimwuliza chokaa anaionaje.

"Baba Magreth," akasema, "mimi nikifa kule mlimani, watakaokuja kunizika watakuwa wanaambizana jina langu."

Nikamkumbusha ukungu, viazi, maji baridi.

"Navitamani," akasema. "Nikivitamani lazima nihame?"

"Na mimi?"

"Wewe una Stefano. Mimi huko nina nani? Kaka zangu wote wamekwisha. Huku walinilia na sijafa."

Hakuniambia tubaki. Hakuniambia twende. Alisema tu kwamba nikitaka kwenda atakwenda, na akaingia ndani kutafuta chumvi. Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa ombi au ruhusa. Nimelirudia neno kwa neno, kama mstari wa kitabu kigumu, na kila nikirudia nalisoma tofauti.

Sakafu imepigwa. Bi Mwanahawa alisema kuni zimekwisha letwa, unga umekwisha letwa, na wanawake walikuwa wamejiandaa kwa siku tatu, basi siku tatu zitumike. Fundi Salumu alikuja kupima sakafu nzima, kile kipande changu kikiwa ndani yake. Tuliyavunja yale mawe ya kusimama kwanza, maana Bi Mariamu alikataa katakata kupiga akiwa anayatazama. Siku ya kwanza walipiga kumi na mmoja, kwa nyimbo ambazo nyingine zilimhusu mwalimu mmoja na bustani yake. Siku ya pili walikuja wanne. Siku ya tatu tulikuwa mimi, Rozalia, Mwanahawa na Mohamedi, na kona ya kisimani hatukuipiga vizuri, imekwisha pata ufa. Salumu anasema niiache.

Sasa jibu lako. Ile karatasi ya ndiyo nimeichana. Mpe Petro kipande cha baba. Sentensi hiyo nimeiandika mara nne kwenye karatasi nyingine kabla ya kuthubutu kuiweka hapa, na bado siwezi kukueleza kama nimeamua au nimeamuliwa. Najua tu kwamba Rozalia alikwisha kunifuata mara moja, mwaka ule tulipokuja, akiwa na mimba na hajui neno moja la watu wa pwani, na aliyojipatia hapa alijipatia mwenyewe. Kumwondoa ili mimi nikae karibu nawe siwezi. Kukaa mbali nawe mpaka mwisho nako sijui nitakuwezaje. Nilikuwa nikijiambia kwamba nimeazimwa huku, kwamba nitarudishwa. Nikiwa na miaka sitini inanibidi nijifunze kusema naishi hapa, na ulimi unakuwa mzito.

Nina ombi moja tu. Siku ya kugawa mashamba, usiwaache wasome jina langu kwenye orodha na kulikata kwa kalamu kama mtu aliyepotea. Simama wewe mbele ya halmashauri ya kijiji. Sema: kaka yangu Josephu Kinunda yu hai, ana akili zake, na kipande hiki anampa mtoto wa mdogo wake. Halafu keti. Mimi nitakuwa sijui ni saa ngapi umesema, lakini Oktoba yote nitakuwa nasikiliza.

Nisalimie shemeji Felista na goti lake. Nisalimie Petro, umwambie yale mashimo ya ngoro ya upande wa juu, yanayoshika maji ya mteremko, baba aliyapanga kwa vipimo, asiyabomoe bila kuyatazama kwanza. Nisalimie Mzee Paulo wa kanisani kama bado anakumbuka sauti yangu, na Sabina wa ng'ambo ya kijito. Rozalia anakusalimu sana. Anasema mtoto wa Magreth ameitwa Modesta, jina la mama yetu, na kwamba hilo angekuandikia yeye kama ningemwachia nafasi.

Mungu akutunze kifua, akupe mvua kwa wakati wake, na atukutanishe kabla hatujawa wazee kuliko hivi.

Kaka yako akupendaye daima,

Josephu